Yaya anataka nizame naye Mafia, na pumu yangu anaijua

Jambo Mama,

Mimi ni mtoto wa tano kati ya sita, nakaa Kamalondo hapa Lubumbashi, nafanya kazi ya uhasibu. Baba alipotutoka, yaya wetu mkubwa, yaani kaka yetu wa kwanza, ndiye aliyetusimamia. Minervali (karo) yangu ya sekondari na ya chuo aliilipa yeye, na mama yetu alipougua ni yeye aliyeuza gari ili apate matibabu. Leo anaishi Johannesburg, Mungu amembariki, na mwezi wa kumi na mbili anatimiza miaka 50. Ametualika ndugu wote sita tukasherehekee pamoja kwenye kisiwa cha Mafia, Tanzania, katika hoteli ya wapiga mbizi. Ndege, vyumba, chakula, yote juu yake.

Yaya alijifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa miaka michache iliyopita, na tangu hapo hana hadithi nyingine. Ndoto yake ni kuwa siku ya kuzaliwa tushuke sote chini ya maji, tupigwe picha moja, watoto sita wa Baba. Ameshatuwekea nafasi ya mafunzo ya wanaoanza.

Shida ni kifua changu. Nina pumu tangu utoto. Kulazwa sijalazwa tena tangu shule ya msingi, lakini baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikiingia, au vumbi la mwezi wa tisa, pompi yangu ya kuvuta dawa haikosi mkobani. Hata juzi nilikimbilia teksibisi pale njiani, kifua kikabana mpaka abiria wakanipisha kiti. Sasa hoteli imetutumia fomu ya afya, na ndani yake wanauliza kuhusu pumu. Nikampigia yaya. Akaniambia: "Weka hapana kila mahali. Mimi mwenyewe naweka hapana, na dawa zangu za tansio, yaani presha, nameza kila asubuhi, sijawahi kupata shida. Ukiweka ndiyo watakuzuia, pesa itapotea, na siku yangu utakuwa umeiharibu."

Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia wananiita mwoga. Dada ninayemfuata amesema kumkatalia yaya ni kukosa shukrani, kwamba bila yeye ningekuwa nauza makala (makaa) barabarani.

Jambo lingine, sijui kama lina maana: siku ya mwisho wanapiga mbizi asubuhi, mchana tunapanda ndege ndogo hadi Dar es Salaam, na usiku uleule yaya anarudi Johannesburg, sisi tunaelekea Nairobi ili kesho yake tufike nyumbani. Nilisikia mtu akisema kuna masaa ya kungoja.

Mama, nifanye nini? Niweke hapana mara hii moja ili amani iwepo?

Dada mdogo, Kamalondo

*

Mwanangu,

Hapana. Usiiweke hiyo hapana. Nalisema mwanzoni kabisa ili hata kama barua hii utaisoma nusu ukiwa kazini, hilo uwe umelipata. Sasa nikueleze kwa nini, kisha tuzungumze juu ya yaya, maana naona moyo wako unaumia kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya bahari.

Mtu anayepiga mbizi kwa mtungi anavuta hewa iliyobanwa. Akiwa kwenye kina cha mita 10, mgandamizo unaomzunguka ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, na mashine iliyo kinywani inampa hewa yenye mgandamizo huohuo. Anapopanda, hewa iliyo ndani ya mapafu inatanuka. Kutoka mita 10 hadi juu inakuwa mara mbili. Umewahi kununua pakiti ya biskuti pwani ukaileta Lubumbashi? Inafika imevimba kama mto wa kulalia, na huku kwetu ni mita 1,200 na kitu tu juu ya bahari. Ndiyo maana sheria ya kwanza anayofundishwa kila mzamiaji ni kutobana pumzi: anapumua muda wote, anapanda polepole, hewa inayotanuka inapata njia ya kutoka.

Mwenye pumu anaweza kuitii sheria hiyo kwa moyo wote na bado akaumia, kwa sababu anayeibana hewa si yeye. Vijia vidogo vya mapafu vikisinyaa, hewa iliyoingia kule chini inakwama nyuma yake. Anapanda, inatanuka, haina pa kutokea, inapasua pafu. Ikipenya kwenye damu inaweza kufika ubongoni ndani ya dakika chache. Na usifikiri ni jambo la vilindi tu. Mita zilizo karibu na uso wa maji ndizo ambamo hewa inabadilika haraka zaidi, na watu wameumia hivyo hata kwenye pisini, bwawa la kuogelea. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia "utashuka kidogo tu, mita tano" hajakupunguzia hatari ya namna hii.

Halafu tazama vinavyokuamshia kifua. Umeniandikia baridi, vumbi na kukimbia. Hewa ya mtungi ni kavu na inakuja ya ubaridi. Kuogelea na mtungi mgongoni dhidi ya mkondo ni kazi. Mawimbi yanakurushia chumvi kooni. Na mtu anayeshuka mara ya kwanza ana woga, hata kama hausemi. Ni kama vile umeniorodheshea mambo ya chini ya bahari bila kuyajua.

Lazima niwe mkweli pande zote mbili: zamani waganga, yaani madaktari, walikuwa wakimkatalia kila mwenye pumu, siku hizi si hivyo. Wapo wenye pumu wanaopiga mbizi kwa ruhusa. Lakini ni wale ambao pumu yao imetulia kwa dawa, vipimo vya pumzi vyao viko sawa hata baada ya mazoezi, na hawabanwi na baridi, wala na mbio, wala na hofu. Huko Uingereza mwongozo wa waganga unasema hata huyo aliyeruhusiwa asishuke ikiwa amehitaji pompi ya kufungua kifua ndani ya masaa 48 yaliyotangulia. Wewe umebanwa kwa kukimbilia teksibisi. Mimi si munganga wako na sitachukua nafasi yake, ila kwa uliyoniandikia sitegemei akuruhusu, na ningependa ujiandae kwa jibu hilo mapema kuliko ulipate siku ya sherehe.

Nenda kwake mwezi huu. Usiende kuomba karatasi tu. Mwambie unatumia pompi ngapi kwa mwezi, mweleze habari ya teksibisi, omba kipimo cha kupuliza kwenye mashine kabla ya mazoezi na baada yake. Chapa ile fomu umpelekee. Ina kurasa zinazomhusu yeye, na ipo pia kwa Kifaransa, kwa hiyo lugha haitakuwa kisingizio. Fomu hiyo imetungwa hivi: maswali machache ya mwanzo, na ukijibu ndiyo kwenye yale mazito, kinachofuata ni sahihi ya munganga kabla hujaingia majini. Ndiyo yako haikufukuzi hotelini. Inakupeleka kwa mtu wa kukupima, basi. Mwalimu naye anaisoma ili ajue anashuka na nani. Ukimdanganya, atakapokuona unahangaika kwenye mita nane atadhani ni woga wa mwanafunzi, atakushika mkono akutulize, wakati unachohitaji ni kingine kabisa. Na bima, kama yaya amewakatia, ina sababu ya kukataa kulipa ikionekana kuwa karatasi ya afya ilijazwa uongo.

Sasa, barua yako ina mgonjwa wa pili, na umempita haraka.

Yaya anatimiza miaka 50 na anameza dawa za tansio kila asubuhi. Mwanangu, fomu ileile inamuuliza mtu kama amepita miaka 45, na akisema ndiyo inamuuliza juu ya tansio, sigara, kolesteroli na moyo katika ukoo. Swali hilo halikuwekwa ili kuwasumbua wazee. Kati ya wapiga mbizi wanaofia majini, hasa waliovuka umri huo, moyo ni moja ya sababu kubwa. Maji yanasukuma damu kutoka miguuni kuja kifuani, moyo unapata kazi ya ziada kabla mtu hajapiga hata pezi moja. Ongeza mkondo, ongeza kupanda ngazi ya mashua na mtungi mgongoni. Kwamba "hajawahi kupata shida" ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini si kipimo. Mwenye tansio iliyodhibitiwa mara nyingi huruhusiwa, tena bila matatizo, akishapimwa moyo na munganga akaangalia aina ya dawa anazotumia. Yaya wako pengine angeruhusiwa! Anachokimbia ni kipimo ambacho huenda kingempa miaka mingi ya kufurahia bahari anayoipenda.

Na hapo ndipo nionapo mlango wako wa kuingilia. Umekaa ukijiona kama mdogo anayemkatalia mkubwa. Hebu uione hivi: ni mdogo anayemwogopea mkubwa wake. Mwanaume aliyeuza gari kwa ajili ya mama yenu anajua kumhangaikia mtu. Hajazoea tu kuhangaikiwa.

Mpigie simu. Usimwandikie, na kwenye grupu usiseme neno; mbele ya wadogo zake mkubwa hawezi kurudi nyuma, atalazimika kusimama palepale aliposema. Usimtumie pia shemeji wala mjomba. Najua kwetu jambo zito hupitia kwa mtu wa katikati, na mara nyingi ni busara, lakini hapa mtu wa katikati ataligeuza kuwa kesi. Mpigie jioni akiwa amekula, uanze na ya zamani. Unaweza kusema hivi:

"Yaya, ulinilipia masomo ili niishi vizuri. Nataka kuja Mafia, nataka kuwa pembeni yako siku hiyo. Nimekwenda kwa munganga, amesema kifua changu kikibana chini ya maji pafu linaweza kupasuka. Sitaweza kuandika uongo kwenye ile karatasi. Na wewe yaya, nakuomba, mwonyeshe munganga wako fomu hiyohiyo. Nitalala vizuri nikijua na wewe umepimwa."

Kisha nyamaza. Akipandisha sauti, mwache amalize. Usibishane juu ya nani amelipa nini. Shukrani unayo, na imo ndani ya hiyo simu. Dada yako aliyekwambia hujui kushukuru nadhani anaogopa tu kuwa wa kwanza kusema analoliogopa yeye. Muulize siku moja, mkiwa wawili, kama anajua kuogelea. Maana ili mtu apewe cheti cha kwanza cha uzamiaji anatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10, na sisi tuliokulia mbali na bahari wengi wetu maji tumeyajulia kwenye pisini ya hoteli, tukishika ukingo. Kama kuna mwingine kati yenu anayetetemeka kimya, simu yako itakuwa imemfungulia njia naye. Na kama kuna dada au wifi mwenye mimba, huyo asishuke kabisa, hilo halina mjadala.

Tuje kwenye picha, kwa sababu siichukulii kama jambo dogo. Watoto sita wa baba mmoja, majini, siku ya miaka 50. Ni ndoto nzuri na ninaitakia heri. Bahati ni kwamba yaya amechagua mahali ambapo kitu kikubwa kuliko vyote hakihitaji mtungi. Mwezi wa kumi na mbili uko ndani ya msimu wa papa potwe pale Mafia, upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na anakula vijidudu na vidagaa vinavyoelea karibu na uso wa maji, hana haja na mtu. Watu wanatoka na mashua asubuhi, wanamtafuta, kisha wanaingia na miwani, mapezi na mrija wa kupumulia, wanaelea juu huku yeye anapita chini yao. Unavuta hewa ya kawaida, kwa mgandamizo wa kawaida. Hatari ile niliyokueleza ya hewa kutanuka haipo. Picha ya ndugu sita wakielea pamoja, mshiriki wa saba akiwa mnyama wa urefu wa basi dogo, sijui kama kuna ya kina cha mita 12 inayoishinda. Mpe yaya wazo hilo kwenye simu ileile, mwache alibebe kama lake.

Ila hata kwa mrija kuogelea ni kazi. Mwambie munganga na habari hiyo pia. Vaa jaketi la kuelea, kaa karibu na mashua, usimkimbize potwe (hata wenyeji watakwambia asiguswe wala asizibiwe njia), na ukianza kuhisi kifua kinakaza, panda. Siku ambazo wenzako wanashuka kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole, wewe vuka uende kisiwani Chole kwenyewe. Kuna magofu ya zamani, kuna popo wakubwa wanaolala mitini mchana, na kuna mafundi wanaounda majahazi kwa mikono. Kisiwa cha Juani kiko jirani, na huko ndiko yaliko magofu ya mji wa Kua. Utakuwa na ya kusimulia wakati wa bukari (ugali) ya jioni. Kuhusu pesa, aliyeweka nafasi awaandikie hoteli mapema akiomba mafunzo yako yabadilishwe kuwa safari za mashua. Kadiri siku zinavyobaki nyingi ndivyo inavyokuwa rahisi kukubaliwa.

Sasa masaa ya kungoja. Uliyemsikia alikuwa sawa, na hili linawahusu ndugu zako wote wanaoshuka, pamoja na yaya. Hewa ya mtungi ina naitrojeni, na mgandamizo unaiingiza kwenye damu na nyama za mwili. Inahitaji muda itoke taratibu. Mtu akipanda ndege upesi, hewa ya ndani ya ndege ni nyembamba, inaweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,400, na naitrojeni inatoka kwa mapovu. Mapovu hayo yanaingia kwenye viungo, uti wa mgongo, wakati mwingine ubongo. Kanuni inayofuatwa na wapiga mbizi ni kungoja angalau masaa 12 baada ya kushuka mara moja tu, na angalau masaa 18 ikiwa umeshuka mara nyingi au siku kadhaa mfululizo. Wengi wanafanya siku nzima, masaa 24, na kwenu ningeshikilia hiyo. Ndege ndogo ya kwenda Dar nayo inahesabiwa, kwa sababu hata kuruka mita mia chache tu kunatosha kuanza hesabu. Baada yake mnapanda nyingine ya Nairobi, mnamalizia kwenye miji iliyo juu. Johannesburg yenyewe iko juu kuliko Lubumbashi, karibu mita 1,750. Yaya alifundishwa haya darasani. Mkumbushe bila kumsuta. Awaambie hivi: "Ile mbizi ya asubuhi ya mwisho ifutwe, siku hiyo twende Kua sote."

Na mkisharudi: ndugu yeyote akilalamika ndani ya siku hiyo au inayofuata kwamba viungo vinauma, mkono unakufa ganzi, kichwa kinazunguka, au uchovu usio wa kawaida umemwangusha, msikae nyumbani mkidhani ni malaria au tifoide. Hapa kwetu ndicho kitu cha kwanza watakachomtibia, na dalili zinafanana vya kutosha kumdanganya hata mtu mzoefu. Aende hospitali, na neno la kwanza kinywani liwe kwamba alikuwa akipiga mbizi baharini, siku gani, kina gani, alipanda ndege saa ngapi. Aombe oksijeni. Kabla ya safari, muulizeni mwenye hoteli chumba cha kutibia ugonjwa huo wa mapovu kiko wapi na mtu hufikishwaje huko. Hoteli nzuri italijibu bila kusita.

Wewe binafsi, beba pompi mbili. Moja iwe mkobani ndani ya ndege, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini. Nyingine ifungwe kwenye mfuko usioingiza maji, ikae na nahodha wa mashua, naye umwonyeshe inavyotumika. Uniandikie munganga akishakupima.